Sinagogi lilitupokea Marekani, sasa nataka kujitolea kwao: nianzie wapi?

"Sisi ni familia ya Wakongo kutoka Fizi. Tuliishi kambi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa Ohio. Siku tuliyofika, uwanja wa ndege tulipokewa na keswoka, mfanyakazi wa shirika anayesimamia familia za wakimbizi, pamoja na watu wa sinagogi moja. Walikuwa wameshatengeneza nyumba: vitanda, masufuria, hata mchele na maharage kabatini. Mama mmoja wa pale alikuwa akimpeleka mwanangu kliniki mpaka nilipojua kupanda basi mwenyewe. Sasa mimi na mume wangu tuna kazi, tunajitegemea. Nataka kujitolea kwao, maana mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mume wangu anaogopa wataanza kutuvuta kwenye dini yao. Mchungaji wetu wa kanisa la Kipentekoste amefurahi mno, anasema Mungu amenifungulia mlango wa kuwahubiria. Nami sijui niende siku gani, nivae nini, wala kama naweza kuwapikia chakula chetu. Tena najiuliza: nikijitolea miezi kadhaa, deni letu kwao litakuwa limekwisha? Naomba unielekeze."

Dada, naanza na hilo la mwisho, la deni, kwa sababu ndilo linaloyasukuma mengine. Ukienda pale kama mdaiwa, utakubali kila utakaloombwa, utashindwa kusema "leo siwezi", na siku utakayochoka utapotea kimyakimya, huku ukiona haya kupokea simu zao. Kazi yangu ni kuratibu watu wa kujitolea kwenye huduma za wakimbizi, na hilo limewakuta watu wazuri kabisa mbele ya macho yangu.

Deni halisi mlilonalo ni la nauli ya ndege. Ile karatasi mliyosaini kabla ya safari ni ahadi ya kurudisha mkopo usio na riba wa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, mnaoulipa kidogo kidogo kila mwezi. Huo lipeni bila kuruka, maana unaingia kwenye historia yenu ya mikopo, na siku mtakapotaka kukopa gari utawasaidia. Vitanda, masufuria na mchele havimo kwenye karatasi hiyo, wala pale sinagogi hakuna daftari lenye jina lenu.

Halipo kwa sababu, kwa Myahudi, kumpokea mgeni ni amri. Torati, hiyohiyo iliyomo ndani ya Biblia yako, inalirudia jambo hili mara nyingi. Kumbukumbu la Torati 10:19 inawaagiza wampende mgeni kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Mambo ya Walawi 19 inamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka kwenye pembe, ili masazo yawe ya maskini na mgeni. Ndiyo sheria iliyomlisha Ruthu kwenye shamba la Boazi. Marabi waliofuata walijenga juu ya aya hizo utaratibu mzima: nani atoe, atoe kiasi gani, aanze na nani. Maimonides, rabi na tabibu aliyefariki Misri mwaka 1204, alipanga namna za kutoa katika ngazi 8. Ya chini kabisa ni kutoa huku umenuna. Ya juu kabisa ni kumshika mtu mkono kwa mkopo, ubia au kazi mpaka asihitaji tena kuomba. Katikati zipo ngazi ambazo anayetoa hamjui anayepokea, au anayepokea hamjui aliyetoa, ili mtu asitembee ameinamisha uso. Sasa rudi usome ulichoniandikia: "tuna kazi, tunajitegemea." Kwa hesabu yao, walichokusudia kilitimia hapo.

Utaratibu huohuo una sheria nyingine ambayo naamini itakufurahisha. Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafundisho ya marabi, inasema hata maskini anayeishi kwa tsedaka, yaani sadaka ile ya lazima, naye atoe tsedaka, iwe ndogo kiasi gani. Hakuna anayeachwa upande wa kupokea maisha yake yote. Kwa hiyo jembe unalolitaka watakupa bila kushangaa, na hawatahesabu miezi.

Hofu ya mumeo naielewa. Wengi wetu tumezoea misaada inayokuja na mahubiri, unga mkono wa kulia na kipeperushi mkono wa kushoto. Wayahudi hawana desturi hiyo. Dini yao haifundishi kwamba asiye Myahudi ameshapotea, kwa hiyo hawana haraka ya kumwingiza mtu. Hata anayetaka mwenyewe huwekwa kwenye masomo ya muda mrefu, na desturi ya zamani ni rabi kumkatisha tamaa kwanza aone kama ana nia ya kweli. Mwambie mumeo anaweza kuja naye siku ya kwanza akajionea.

Anayenitia wasiwasi ni mchungaji, nasema hivyo kwa heshima zote. Makanisa yetu mengi yanaipenda Israeli ya kwenye Biblia, mengine yanapuliza hata tarumbeta za pembe ibadani. Kumheshimu Myahudi aliyesimama mbele yako ni jambo jingine. Watu hawa wana kumbukumbu ya karne nyingi za kushurutishwa kubatizwa. Hispania mwaka 1492 waliambiwa wachague ubatizo au waondoke nchini. Ukianza kugawa vipeperushi jikoni kwao, historia hiyo itakuwa imewarudia kupitia mtu waliyemkaribisha, na mlango utafungwa, pengine hata kwa familia nyingine. Mweleze mchungaji wazi kwamba unakwenda kufanya kazi. Kama anataka uhusiano, ipo njia ya heshima: kanisa na sinagogi wachukue kazi moja waifanye pamoja. Mfano uko karibu na nyumbani. Kule Mbale, Uganda, wanaishi Wayahudi Waafrika waitwao Abayudaya, jumuiya iliyoanza mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu. Mwaka 2004 wakulima wao waliungana na majirani Wakristo na Waislamu kuanzisha ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera. Kila mmoja alibaki na dini yake, kahawa wakauza pamoja.

Huenda mtu akakuuliza pia kuhusu Israeli na Palestina, hasa kama una majirani Waislamu. Sinagogi la Ohio si ubalozi wa nchi yoyote, na waumini wake wenyewe hubishana vikali juu ya hayo. Kufunga masanduku ya chakula hakukuandikishi upande. Kama kazi uliyopewa ni ya kuchangisha fedha, hapo uliza zinakwenda wapi kabla hujakubali. Swali hilo ni halali mahali popote, hata kanisani kwako.

Tuje kwenye siku, na hapa pana mtego mdogo. Sabato yao inaanza Ijumaa kabla jua halijazama na kumalizika Jumamosi usiku nyota zikionekana. Katika muda huo wanaoshika sheria hawapiki, hawaandiki, hawashiki fedha wala simu. Sinagogi za mrengo huria zina uhuru zaidi, za Orthodox, yaani wanaoshika sheria kwa ukali, hazina kabisa, kwa hiyo jua kwanza lenu ni la mrengo gani. Usimtumie mratibu ujumbe Jumamosi asubuhi ukadhani amekupuuza. Kwa sababu ya Sabato, kazi nyingi za kujitolea zinaangukia Jumapili asubuhi, saa zilezile ambazo wewe uko kanisani, na ibada zetu tunazijua, hazimaliziki saa tano. Omba jioni ya katikati ya wiki, au Jumapili alasiri. Tena wewe una kitu ambacho wao hawana, yaani kalenda tofauti. Mwezi Septemba au Oktoba, kwenye Mwaka Mpya wao na Siku ya Upatanisho, karibu waumini wote wako ibadani, lakini pantri, yaani stoo ya kugawia wahitaji chakula, bado inahitaji mikono. Wayahudi wengi nao hujitolea Desemba 25 ili Wakristo wakae na familia zao. Ukijitolea kushika zamu siku zao kuu, utakuwa umeleta msaada ambao muumini wao hawezi kuutoa.

Mavazi hayana shida: nguo ya heshima inayofunika mabega na magoti, kitenge chako kinatosha. Mumeo akiingia ukumbi wa ibada atapewa kofia ndogo ya kichwani; avae tu, haimfanyi Myahudi. Mwanamume wa Orthodox asipokupa mkono usihesabu kuwa ni dharau, wengi wao hawamshiki mkono mwanamke asiye wa familia yao.

Usishtuke ukikuta mlango umefungwa, kamera juu, na askari getini. Oktoba 27, 2018, asubuhi ya Sabato, mtu mwenye bunduki aliingia jengo la Tree of Life mjini Pittsburgh akaua waumini 11. Kabla ya hapo alikuwa ameandika mtandaoni kuwashambulia HIAS, shirika la Kiyahudi la kuhudumia wakimbizi, ambalo hata Nairobi limewahudumia Wakongo wengi. Moja ya jumuiya tatu zilizokuwa zikisali katika jengo lile, Dor Hadash, ilikuwa imeshiriki Sabato ya kuwakumbuka wakimbizi pamoja na HIAS. Kwa maneno mengine, kuwapokea watu kama wewe na mimi kuliwaweka kwenye shabaha, na bado hawakuacha. Ndiyo maana usitokee bila taarifa ukiwa na begi kubwa mgongoni. Piga simu, toa jina kamili, beba kitambulisho, na usimlete rafiki ambaye hukumtaja.

Utaombwa pia ukubali rekodi zako zikaguliwe, hasa kama utakuwa karibu na watoto au wazee. Wanakaguliwa wote, hata waumini wa tangu kuzaliwa. Kinachowasumbua watu wetu ni majina: kwenye kadi moja jina la baba liko mwanzo, kwenye nyingine mwisho. Na kama ulipewa Januari 1 kuwa siku ya kuzaliwa, kama ilivyo kwa wengi waliotoka kambini, mfumo unaweza kukuchanganya na mtu mwingine. Andika jina kama lilivyo kwenye kadi ya ukaazi, herufi kwa herufi. Jibu likija na doa usilolijua, usilikubali wala usikimbie. Omba nakala, upeleke kwa keswoka wako mkalipinge.

Chakula kinahitaji uvumilivu kidogo. Najua unavyofikiria: kumshukuru mtu ni kumpikia. Usipeleke chungu kutoka nyumbani. Jiko la sinagogi kwa kawaida ni la kosheri, yaani linafuata sheria zao za chakula, na chakula kilichopikwa kwenye sufuria ya nyumbani kwako hakiingii hata kama viungo vyote ni safi, kwa sababu sufuria hiyo imeshapika nyama ya buchani isiyo ya kosheri. Jikoni kwao utakuta sinki mbili, miiko na visu vya seti mbili, mara nyingi vimewekewa alama ya rangi, moja ya nyama, nyingine ya maziwa. Mwiko wa nyama ukiingia kwenye uji wa maziwa, kazi inasimama, chombo kinawekwa kando na rabi anaulizwa. Kwa hiyo usiokote chombo cha karibu tu, uliza. Nguruwe hakuna, kamba hakuna, na samaki lazima awe na mapezi na magamba. Sato anapita, kambare hapiti.

Lakini chakula chetu kinaingia vizuri kuliko unavyodhani. Wali, ugali, maharage yaliyoungwa kwa tui la nazi: havina nyama wala maziwa, kwa hiyo vinaliwa na chochote. Pendekeza kupika hukohuko jikoni kwao, kwa vitu walivyonunua wao, msimamizi wao akiwa pembeni. Atakagua mbogamboga jani kwa jani akitafuta wadudu, na huenda akataka yeye ndiye awashe jiko. Mwache awashe. Sombe (kisamvu) iliyokwisha twangwa inaweza kukataliwa kwa sababu haikaguliki, usiumie. Ukitaka kupeleka zawadi tu, nunua matunda mazima.

Sasa kazi yenyewe. Tangu Januari 2025, serikali iliposimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, shughuli za uwanja wa ndege zimekauka. Kilichobaki ni kuwasaidia waliokwisha fika: masomo ya Kiingereza, nguo za baridi, kujaza fomu za shule, kumwonyesha mama mpya namna ya kupanda basi. Pia zipo kazi zisizohusu wakimbizi kabisa, na mimi ningekushauri uanze na hizo: kupanga chakula kwenye pantri, kufunga vifurushi wanavyokusanya kabla ya Siku ya Upatanisho, kumtembelea mzee anayeishi peke yake. Ukianza na wakimbizi wenzako, kila mtu ataendelea kukuona kama yule mama wa Kongo. Ukianza kwenye pantri, unakuwa mfanyakazi kama wengine, ukipanga makopo ya maharage kando ya mwanasheria mstaafu ambaye naye hajui yanakaa rafu ipi.

Si kila kazi iko wazi kwako. Kuosha na kuvalisha maiti hufanywa na kikundi chao wenyewe, hata kama kwenu wewe ndiye mama anayeitwa msiba ukitokea. Matanga yao ya siku 7 unaweza kwenda. Ingia, kaa, usianze maongezi mpaka mfiwa aseme. Nadhani hiyo utaiweza kuliko wenyeji wengi.

Kuna maombi mawili nataka uyapime kwa makini. La kwanza ni kutafsiri. Wakijua unazungumza Kiswahili, Kibembe na Kiingereza, simu hazitaisha. Kumtafsiria mtu dukani au kwenye mkutano wa majirani ni msaada mzuri. Hospitali ni kitu kingine: hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kisheria kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo, na neno moja la kipimo ukilikosea unaweza kumdhuru mtu. Tena jamii yetu ni ndogo. Ukishasikia ugonjwa wa jirani, hutausahau mtakapokutana kanisani. Jibu ni: "Waambieni hospitali watoe mkalimani." Ukiona unaipenda kazi hiyo, tafuta mafunzo ya ukalimani, maana inalipwa.

La pili ni kusimama mbele ya watu kusimulia safari yako, hasa kwenye hafla ya kuchangisha. Watakuomba kwa upendo, na unaweza kukubali. Lakini amua mwenyewe nini utasema na nini hutasema, kataa picha za watoto wako, na ukihisi moyo unakwenda mbio tangu wiki moja kabla, kataa. Hutakuwa umeonyesha shukrani ya punda. Kama ukishasimulia unakosa usingizi au mambo ya Fizi yanakurudia mchana, muone mshauri wa afya ya akili ana kwa ana. Huduma za familia za Kiyahudi zilizopo katika miji mingi ya Marekani huwapokea watu wa dini zote. Keswoka wako anaweza kukuelekeza.

Na hapa pana hatari ya kweli, kubwa kuliko zote nilizotaja. Masinagogi mengi huandikisha watu kupiga kura bila kupendelea chama. Kama bado hujawa raia, usijaze fomu hiyo hata kama aliyekupa anatabasamu na anasema "jaza tu." Kudai uraia usio nao kunaweza kukuharibia uraia wa baadaye na hata kukurudisha ulikotoka. Sema hujawa raia, omba kazi nyingine. Ukiwa tayari umejaza fomu kama hiyo, usisubiri wala usiulize mitandaoni. Nenda kwa wakili wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria kabla hujapeleka karatasi yoyote ya uhamiaji. Zaidi ya hapo, kujitolea bila malipo hakugusi karatasi zenu, wala si sharti la kupata uraia.

Umesema mna kazi, hukusema za shifti gani. Kama mmoja wenu anatoka ghala saa nane usiku na mwingine anaamka saa kumi na moja, na mumeo bado ana wasiwasi, hakuna ubaya kusubiri miezi michache, au kwenda mara moja kwa mwezi. Nakuomba usiahidi kila wiki. Pantri inapangiwa watu kwa majina, na pengo la mtu aliyeahidi linaumiza kuliko la ambaye hakuahidi.

Ukiwa tayari, mtafute yule mama aliyempeleka mwanao kliniki, akuunganishe na mratibu. Ujumbe wa kwanza uwe mfupi, Jumatatu hadi Alhamisi: "Mimi ni fulani, mlitupokea mwaka fulani. Ningependa kujitolea kwenye pantri au kazi yoyote ya mikono, mara moja kwa mwezi, jioni au Jumapili baada ya saa nane mchana. Mimi ni Mkristo. Naomba mnieleze taratibu za mlangoni na za jikoni." Saa ziandike kwa Kiingereza chao, saa nane yetu ni mbili kwao; wengi wamekuta mlango umefungwa kwa ajili hiyo.